Dhahabu ya Maganda ya Vitunguu

Sokoni wote walimwita Mama Madaha, na jina lilimkaa. Kila asubuhi alifunga kilemba kilichopigwa pasi, akapanga vitunguu vyake kwa mafungu, kisha akafagia maganda na kuyatupa. Jambo moja tu lilimkera. Hata aoge namna gani, aliona mikono yake inanuka vitunguu.

Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Mama wa bwana harusi aliuza manukato, na nyumbani kwake hata mapazia yalinukia. Mama Madaha akaapa kwamba siku hiyo hakuna atakayemkumbuka kwa vitunguu. Yeye na wapambe wanne wa bi harusi wangevaa kitambaa cha kumetameta. Jioni moja akatandaza kipande cha mfano mbele ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka akastaafu.

Wifi alikipapasa, akaguna. Akaingia jikoni, akarudi na tambara la zambarau linalong'aa. Lilikuwa sare ya harusi ya mwaka uliopita, iliyovaliwa mara moja tu. Akamwaga maji mezani, akapangusa. Maji yakakimbia huku na huku, meza ikabaki chapachapa.

"Unaona, wifi? Hata kazi ya utambara imelishinda."

Mama Madaha alicheka, lakini moyoni hakufurahi. Akauliza kitambaa chake kina kosa gani. Wifi akachomoa uzi mmoja, akaushika kwa koleo juu ya sahani, akauwasha. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukawa kidonge kigumu. Kisha akawasha uzi wa shuka la pamba. Huo uliungua kama karatasi, ukaacha jivu laini.

"Hiki chako ni ndugu wa mfuko wa plastiki," wifi alieleza. "Wote wametoka kwenye mafuta ya petroli. Ukikivaa, jasho halina pa kwenda. Ukikifua, vinyuzi vidogo mno vinatoka na maji mpaka mtoni. Ukikitupa, kinakaa ardhini miaka na miaka. Pamba hugeuka udongo."

"Basi tununue pamba mpya."

"Taratibu. Pamba nayo hunywa maji mengi shambani. Nguo bora ni ile iliyopo tayari, na itakayovaliwa tena."

Kumbe wifi alikuwa na jora la pamba nyeupe, zawadi ya kustaafu, limelala kabatini bila kazi. Mama Madaha alinuna. Nyeupe ni ya bi harusi, alisema, na wapambe wakivaa vile vile, wakwe watasema hapa pameishiwa. Wifi akamwambia kesho yake asitupe maganda, kwani yanatoa rangi.

"Wifi, unataka mwanangu aolewe ananuka jikoni?"

"Nataka umwozeshe kwa dhahabu. Tujaribu kitambaa kidogo. Kikinuka, nitakununulia mimi hicho cha kumetameta."

Mama Madaha alikubali shingo upande. Ila mchuuzi ni mchuuzi: alichagua maganda ya vitunguu vyekundu, kwa kuwa ndivyo wateja wanavyogombania. Wakayachemsha, wakatumbukiza kitambaa, kikatoka na rangi ya tope. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Akamweleza kwamba hapa bei ya sokoni haina kauli, yatakiwa maganda ya vitunguu vya kahawia.

Safari ya pili walikwenda kwa utaratibu. Kwanza walifua pamba, wakailoweka katika maji yenye shabu kidogo, ile ya kusafishia maji, ili rangi ishike. Wakachemsha maganda ya kahawia, wakachuja, wakaitia pamba ikiwa mbichi. Waliigeuza kila mara isipate mabaka. Wakaisuuza, wakaianika kivulini. Maganda yaliyobaki wakayafukia penye maua.

Ilipokauka, Mama Madaha aliinusa. Akainusa tena. Hapakuwa na harufu ya kitunguu hata chembe, na rangi ilikuwa dhahabu tupu. Machozi yalimtoka, na safari hii si kwa kumenya vitunguu.

Jora lote lilipotiwa rangi, mshonaji alishona magauni ya kawaida, ya kuvaliwa hata kazini. Kwenye mishono aliacha akiba, ili anayenenepa aongeze na anayekonda apunguze.

Siku ya harusi wapambe waliingia ukumbini wakimzunguka bi harusi, na watu wakanyanyuka kutazama. Mama wa bwana harusi alimfuata Mama Madaha, akashika mkono wa gauni lake, akauliza duka gani linauza rangi nzuri namna ile.

Mama Madaha alimtazama wifi yake. Angeweza kutaja duka lolote, mambo yakaisha. Alinyoosha mgongo.

"Hii haiuzwi dukani, mkwe wangu. Mimi nauza vitunguu. Hii ni rangi ya maganda yangu."

Mama wa bwana harusi alikiinua kitambaa, akakinusa kama anavyonusa manukato yake. Akasema naye anataka afundishwe.

Siku ya soko iliyofuata, Mama Madaha alipanga vitunguu vyake kwa mafungu kama kawaida, amevaa gauni lake la harusi. Chini ya meza palikuwa na gunia jipya. Mteja mmoja alipouliza la nini, alijibu kwamba vitunguu vinauzwa, lakini maganda yana wenyewe.