Tanuri Lisilotajwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Cheche alimsaidia baba yake, mfinyanzi, kubeba kuni hadi kwenye tanuri la kuchomea vikombe. Asubuhi hiyo mikono ilifanya kazi lakini moyo haukutulia. Leo darasa lingeamua shule inunue vikombe gani: vya udongo vya baba, au vya plastiki. Baba hakuwa amepata oda ya maana tangu mvua zianze.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaagiza wafuatilie maisha ya kila kikombe, tangu malighafi inapopatikana hadi kikombe kinapotupwa, waone kipi kinaumiza zaidi mazingira.

"Hatuwezi kupima kila kitu," alisema. "Fupisheni. Acheni madogo, shikeni makubwa."

Cheche akafupisha. Darasani, aliandika ubaoni hatua za kikombe cha udongo: kuchimba udongo, kuosha na kutupa. Tanuri hakulitaja.

Baba alikuwa amealikwa. Alikaa dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu. Domo, rafiki yake Cheche aliyetetea plastiki, akanyoosha mkono.

"We Cheche, kwenu vikombe mnavikausha kwa kupuliza? Mbona moshi wenu unatutoa machozi mpaka barabarani?"

Darasa likaangua kicheko. Akisema kweli, oda inaota mbawa. Alimtazama baba. Baba hakucheka, wala hakumwokoa.

"Tanuri nililiacha makusudi," Cheche alisema. "Ndilo baya kuliko yote. Linakula kuni, na tunachoma likiwa nusu tupu."

"Nusu tupu kwa nini?" mwalimu aliuliza.

Baba akasimama. "Wateja wanakuja mmojammoja, mwalimu. Sitaki kuwachelewesha. Kuni ni zilezile, lijae lisijae."

"Na vikombe vya shule nzima?"

"Hivyo vitalijaza pomoni."

Wakapiga hesabu ya madhara, tanuri likiwemo, limejaa. Udongo ukashinda, lakini kwa kiduchu tu. Mwalimu akatoa oda kwa sharti moja: tanuri lisiwashwe kabla halijajaa.

Nje, Cheche aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Niliogopa utakosa kazi."

"Kufupisha si kosa, mwanangu. Kosa ni kukata palepale panapotuuma. Ungenyamaza, ningeendelea kuunguza kuni bure na kujiita fundi. Siku nyingine, lile unaloogopa kulisema, liandike la kwanza."