Kidonge Kwenye Majivu

Kila alasiri, akitoka shule, Senait alianza kwa kufunga. Alifunga mlango, akafunga dirisha la barabarani, kisha akasukuma kitambaa kwenye ufa wa chini unaopenyeza baridi ya Debre Birhan, mji wa milimani Ethiopia. Mgonjwa hapigwi na upepo wa mlangoni. Hilo kila mtu mtaani alilijua. Baba yake alikuwa dereva wa lori la njia ya Jibuti, kwa hiyo yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mlinzi wa nyumba.

Mama yake, Zenebech, alikuwa amemaliza matibabu makali ya saratani ya titi. Nywele zilianza kuota tena, laini kama manyoya ya kifaranga. Alibakiwa na kidonge kimoja cha kila siku, cha kuzuia ugonjwa usirudi.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtia Senait hofu. Mama huwa ameketi akichambua dengu, mara uso unamwiva, jasho linamtiririka shingoni, anatupa shuka na kukimbilia mlango. Punde si punde anatetemeka kwa baridi. Siku nyingine alilia kwa sababu chumvi imezidi. Senait alimgusa paji la uso, akalikuta la moto. Homa, akawaza. Ugonjwa umerudi. Hakuthubutu kuuliza, na darasani kila mlango ukifunguliwa alidhani wamekuja kumwita.

Jirani yao, Mama Alganesh, hakuwa na shaka: upepo umemwingia. Akaleta majani ya dawa, akayachemsha, akamfunika Zenebech blanketi zito juu ya sufuria ya mvuke. Ubani ukafukizwa, kahawa ikamiminwa kama ilivyo desturi mpaka kikombe cha tatu, kile cha baraka.

"Mnanichemsha kama viazi," Zenebech akalalamika kutoka ndani ya blanketi.

"Viazi angalau havibishi," Mama Alganesh akamjibu, akalikaza blanketi.

Zenebech alitoka humo akipepesuka, nusura aanguke.

Kesho yake asubuhi Senait alimwona mama akijifanya kumeza kidonge, kisha akainama na kukitema kwenye majivu ya jiko.

"Mama, umekitema."

Zenebech alikifukia majivuni. "Tangu nikianze ndiyo naungua hivi. Hata hedhi imekatika, na sijafika arobaini. Naona kinanimaliza. Usimwambie mtu, mwanangu, wala baba yako."

Senait akaitikia kwa kichwa. Akisema, amemsaliti mama. Asiposema, je?

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi Bezawit aliuliza kama vidonge vinaendelea. Zenebech alijibu kwamba vinaendelea, anamshukuru Mungu. Senait alitazama viatu vyake mpaka macho yakamuuma.

"Si kweli, Sista," akasema, sauti ikiwa ndogo. "Anavitema jikoni."

Mama akamgeukia kwa jicho ambalo hajapata kumtazama nalo.

"Nilikuahidi, mama. Lakini naogopa utakufa."

Sista Bezawit hakugomba. Alivuta kiti karibu, akampima Zenebech joto: homa hakuna. Daktari akaja akamkagua, akasema haoni dalili ya ugonjwa kurudi. Ndipo Sista akaeleza polepole. Matibabu ya saratani huweza kumfikisha mwanamke kwenye ukomo wa hedhi kabla ya wakati wake, na kidonge kile huzidisha joto la ghafla, jasho, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za karibu. Joto hilo linatesa, lakini si homa, wala si upepo. Asiache kidonge; likimzidi arudi, kuna dawa nyingine daktari anaweza kuongeza. Na asinywe majani yoyote kabla ya kuuliza.

Kisha akamuuliza Senait wanafanyaje nyumbani. Senait akataja yote: milango, mvuke, blanketi, kahawa, mchuzi wa pilipili.

"Basi mmemweka tanurini," Sista akasema, na kwa mara ya kwanza Zenebech akacheka, machozi yakimtoka.

Wakaagizwa wafungue dirisha. Avae nguo nyepesi za pamba, moja juu ya nyingine, apate kuvua na kuvaa. Maji baridi yawe karibu, kahawa na pilipili vipungue, na joto likija avute pumzi taratibu.

Jioni ile Mama Alganesh alilikuta dirisha wazi, akasimama kizingitini kama aliyeona mwizi. Senait akamweleza neno kwa neno. Bibi yule akajizungushia shuka mpaka puani, akaketi pembe ya mbali.

"Haya. Sasa mimi ndiye nitakufa na upepo," akanung'unika. Hata hivyo joto lilipompanda Zenebech, yeye ndiye aliyeinuka kumpepea.

Joto halikwisha, ila lilipungua, na vidonge vikamezwa vikashuka. Siku moja Senait alimuuliza mama kama bado amemkasirikia.

"Nilikukasirikia mpaka tukafika nyumbani," Zenebech akasema. "Mimi niliona haya kuusema mwili wangu, nikakubebesha siri isiyokufaa. Mtu unayempenda akificha maumivu, mwanangu, usimsaidie kuficha. Mpeleke kwa anayejua. Akinuna, mwache anune. Atanuna akiwa hai."