Mama wa Kwenye Karatasi

Jioni ile, kama jioni nyingine zote, mama yake Chiriku aliingia nyumbani, akaweka mkoba mezani, na kabla hajavua viatu akauliza, "Vyombo vimeoshwa?"

"Bado, Mama. Nina kazi ya shule."

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine akitoa mashuka yaliyolowa, na shuka likilowa maji uzito wake si mchezo. Hakuuliza mara ya pili. Alikunja mikono ya gauni, akaenda jikoni.

Kazi ya shule yenyewe ilikuwa filamu fupi ya katuni. Kila mwanafunzi wa klabu ya uchoraji alichagua mtu wa kumshukuru, akarekodi kisa chake kwa sauti, kisha akachora picha nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo tu na iliyotangulia. Mwalimu wa sanaa alizipiga picha moja moja kwa simu. Zikipitishwa haraka haraka, mtu wa kwenye karatasi anatembea. Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure maana mdomo wake haukujua kupumzika, alimchagua mama yake. Ijumaa wazazi wangekuja kutazama, naye alitaka jambo moja tu: mama aione shukrani yake.

Basi akachora mpaka vidole vikafa ganzi. Vyombo aliosha mama. Sare ya shule alifua mama.

"Usinisumbue, Mama, nachora shukrani zako," Chiriku alisema bila hata kuinua macho.

Mama akacheka kwa uchovu. "Asante, mwanangu. Sogeza basi miguu nifagie."

Kesho yake mwalimu alizipitisha picha zile. Mama wa kwenye karatasi alitoka kazini akirukaruka, akaingia mlangoni akitabasamu.

"Huyu anatoka kazini au anakwenda harusini?" mwalimu aliuliza, na wanafunzi wakaangua kicheko. "Leo mtazame mama yako anavyoingia. Usichore, mtazame tu. Halafu urudie."

"Nirudie zote? Mwalimu, nimechoka!"

"Najua. Ndiyo maana nataka umtazame."

Jioni Chiriku aliketi karibu na mlango, akafunga mdomo, jambo la ajabu kwake. Mama aliingia akishika ukuta. Mguu wa kulia aliuburuta. Aliinama avue viatu, akasita, akajishika kiuno, akaviacha.

"Vyombo vimeoshwa?"

Chiriku aliona aibu na huruma. Alipiga magoti, akamvua mama viatu, kisha akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo aliosha vyombo kwanza, akachora kwa nguvu zilizobaki, nazo hazikuwa nyingi. Filamu yake ikawa fupi kuliko zote: mama anashika ukuta, anaburuta mguu, anaketi, mtoto anamvua viatu. Basi.

Ijumaa mama alifika shuleni moja kwa moja kutoka kazini. Madirisha ya darasa yalifunikwa, na zamu ya Chiriku ikafika. Sauti yake ikasikika kwenye spika: "Mama, asante kwa kuchoka kwa ajili yangu." Akageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea ukuta.

Machozi yakamlenga Chiriku. Akanyoosha mkono amwamshe, lakini mwalimu akauzuia.

"Mwache apumzike."

"Lakini hajaona hata kidogo, Mwalimu!"

"Pale mlangoni unajua aliniambia nini? Kwamba siku hizi akifika nyumbani, kuna mtu anamvua viatu. Alisema huku akifuta macho." Mwalimu alishusha sauti. "Shukrani yako imeshamfikia, Chiriku. Filamu hii ni yetu sisi tusioishi kwenu. Ukitaka kumshukuru mtu, mpunguzie mzigo kwanza, kuchora kutafuata."

Chiriku aliurudisha mkono. Alishuka kitini taratibu, akapiga magoti gizani, akamlegezea mama kamba za viatu.