Vidole Juu ya Turubai

Scola ndiye aliyegundua kwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi, anafuta vumbi kwenye chumba cha kazi cha mumewe, Machibya, pale Majengo, akasimama mbele ya picha ya mama mwenye kibuyu cha maziwa.

"Baba Malale, huyu mama si alikuwa anatuangalia?"

Machibya akainua kichwa. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amefumba macho.

"Mwanga tu huo," alijibu, akageukia dirishani ili mkewe asimwone uso.

Picha zilizojaa chumba kile ndizo zilizompa jina. Wakulima na wafugaji wa Katavi, wamechorwa kama walivyochora mabingwa wa Ulaya wa karne zilizopita: giza nyuma, mwanga wa mshumaa shavuni. Ijumaa gari lingekuja kuchukua kumi na moja kwa ajili ya maonyesho Dar es Salaam.

Hata moja hakuichora yeye.

Zilikuwa za Yohani, mzee wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo aliyekimbia Burundi na kitabu kimoja cha picha alichopewa na padri, akajifunza humo peke yake. Machibya alikuwa mwanafunzi wake. Mzee alipopofuka, Machibya alizibeba zote, akakwangua jina la mwalimu, akaandika lake. Alipoulizwa na mzee, alisema mchwa wamezila. Mzee alipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa kijana wake, akaushika. Alipokufa, Machibya hakwenda kumzika.

Siku ya pili nyuso tano zilikuwa zimefumba macho. Siku ya tatu, zote.

Alhamisi mchana, Scola akiwa sokoni, Machibya alisikia mkwaruzo mdogo, kama wa vidole vikavu vinavyopita taratibu juu ya rangi iliyokauka, vikisimama, vikirudi, vikitafuta ile kona ya chini ambako jina huandikwa, na harufu ya tapentaini ikajaa chumbani pamoja na ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na alipotaka kukimbia miguu ikakataa, na vile vidole asivyoviona vikaiacha turubai vikaja shingoni mwake, vikapanda kidevuni, midomoni, vikamgusa kope moja baada ya nyingine kwa upole, kama mtu anayetaka kujua huyu ni nani.

Scola alimkuta sakafuni amejikojolea.

Alimpeleka Kabungu kwa Bibi Ngolo, mganga. Bibi alimtazama, hakugusa hata dawa.

"Una kitu cha watu," alinong'ona. "Kuna aliyepata mlango kwenye uongo wako. Sema hapa, mkeo akisikia."

Machibya akasema. Scola hakulia wala hakumgombeza. Alisogeza kigoda chake mbali kidogo na cha mumewe, na jambo hilo lilimuuma Machibya kuliko vidole.

"Kazirudishe," Bibi akasema.

Ijumaa asubuhi, kabla gari la maonyesho halijafika, walizipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, wakaenda nazo mpaka Mishamo. Libérate, binti wa marehemu, alikuwa anaanua mahindi uani. Machibya alipiga magoti vumbini, Scola akiwa amebaki garini, majirani wakitazama kutoka barabarani na baiskeli zao, akaeleza yote kwa sauti iliyokatikakatika: jina alilokwangua, mchwa, mazishi aliyoyakwepa.

"Alijua," Libérate alisema.

"Alijua nini, dada?"

"Siku ileile alijua. Alituambia, 'Mwanangu Machibya kazichukua. Nyie msimuulize, ataona aibu.' Akawa anakuombea kila jioni, kaka. Na siku anakata roho alikuulizia."

Machibya aliinamisha uso hadi paji likagusa ardhi. Alitamani atukanwe. Alitamani apigwe.

"Mwambieni basi aniache," alisema. "Vidole vyake, dada. Sasa hivi viko shingoni kwangu."

"Vya baba?" Libérate akatikisa kichwa. "Baba alikusamehe akiwa hai. Hana cha kukufuatia."

Akanyoosha mkono amwinue. Mkono ukaishia njiani. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Machibya, na polepole akaanza kurudi nyuma, akikanyaga mahindi yake mwenyewe.

"Kaka," alinong'ona, "huyo uliyekuja naye ni nani?"