Aliyeitika Mahameni

Programu ya kompyuta iliacha kuanguka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Fundi alikuwa mjane, mshona nguo, mtu mzima aliyeamua kujifunza kompyuta baada ya macho kuchoshwa na sindano. Somo lilikuwa hili: unaunda aina moja, Mwanafamilia, halafu chini yake unaweka Baba, unaweka Mtoto. Ukiwaita, kila mmoja anaitika kwa umbo lake. Wito mmoja, maumbo mengi. Fundi alilipenda somo hilo kuliko yote.

Alianza kumuunda Baba. Na kwa kuwa mumewe, mchomelea vyuma, alishafariki, akaandika mstari wa kumfuta. Mwalimu wake wa kompyuta alishasema: kilichokwisha kazi kifutwe, kumbukumbu ya kompyuta isijae. Lakini chini yake uliendelea kuwepo mstari wa kumwita, na huo mkono wake ulikataa kuuondoa. Kila akiiendesha programu, inaanguka, yaani inakatika njiani. Imegusa mahali pasipo pake.

Adhuhuri moja akamwongeza Mtoto, yaani bintiye mdogo, Kifaranga. Akaiendesha. Haikuanguka. Ilipofika kwenye kumwita Baba, kioo cha kompyuta kikaandika: Nipo.

Na chumba cha pili, Kifaranga akasema, "Nipo."

Sauti ilikuwa nzito.

"Kifaranga! Umesema nini?"

"Sijasema kitu, mama." Sauti yake ileile nyembamba.

Fundi akabonyeza tena. "Nipo," ikaitika sauti nzito kutoka chumbani, na harufu ya chuma kilichoungua ikapita mlangoni. Ilikuwa harufu ya mashati ya marehemu. Fundi akalia, akabonyeza tena.

Angeachia hapo ingekuwa kheri. Lakini mfiwa gani anaacha? Aliita kesho yake, akaita keshokutwa, na kila akiita, Kifaranga anachukua kitu cha baba yake na kusahau kitu chake: leo anachechemea, kesho anakohoa kizee, mpaka ikafika siku akamtazama mwanasesere wake kama anaona jiwe.

Wifi yake, dada wa marehemu, alipokuja kusalimia, alianza na utani wake.

"Wifi, mtoto unamlisha misumari? Anakohoa kama kaka!"

Kifaranga akageuka polepole, hapepesi macho. "Na wewe dada, kunenepa huko unakwenda wapi?"

Wifi alicheka nusu, akakatisha. Akamvuta Fundi pembeni.

"Huyo si kaka," akanong'ona. "Kaka alikuwa anapepesa macho. Umeita kitu gani, wewe mwanamke?"

"Nimemwita mume wangu tu."

"Mahame hayakosi mwenyeji. Ukiita kwenye nyumba iliyohamwa, unadhani anayeitika ni nani?"

Mwalimu wa kompyuta aliitwa mchana uleule. Alisoma mistari, jasho likimtoka puani.

"Mama, ulimfuta Baba, mahali pake pakabaki wazi. Ukamuunda Mtoto, kompyuta ikampa palepale. Lakini anwani ya Baba, yaani mahali alipokuwa, bado umeishika. Kila ukimwita yeye, unagonga kwa mtoto."

"Basi nimfute Baba tena!"

"Usithubutu! Utakayemfuta ni nani sasa? Andika kwamba anwani ya Baba haina mtu. Basi."

"Nikiandika hivyo, nitamwita vipi?"

"Hutamwita tena, mama."

Kifaranga alikuwa amesimama mlangoni, hapepesi, harufu ya chuma ikijaa chumba mpaka wifi akaziba pua kwa kanga, na ile sauti nzito ikaanza kubembeleza, mke wangu usimsikilize, mke wangu huku kuna giza, huku nilipo hakuna ukuta wala mlango, mke wangu ukiniachia nitakwenda kwa nani, huku vidole vya mtoto vikikunjana kana kwamba vinashika kitu cha moto, na Fundi, machozi yakidondoka juu ya vitufe, akaandika herufi moja moja kwamba anwani ya Baba haina mtu.

Harufu ikakatika. Kifaranga akapepesa.

"Mama, nina njaa."

Fundi akamrukia, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Wifi akakaa chini sakafuni, anacheka na kulia.

Mwalimu akashusha pumzi, akavuta kompyuta. "Ila mwishoni umesahau kitu. Kila ulichokiunda lazima kifutwe kabla programu haijafungwa." Akaongeza mstari mmoja, kwa mazoea ya kazi.

"Mwalimu, umeandika nini hapo?"

"Kawaida tu, mama." Akabonyeza.

Programu ikaenda hadi mwisho. Haikuanguka.

"Safi kabisa!" akasema Mwalimu, akifunga mkoba wake.

Fundi alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mikono imejikumbatia yenyewe. Wifi akainuka, akaokota ndala ndogo mlangoni, akazigeuza.

"Wifi, hizi za nani? Si unakaa peke yako humu?"

Fundi alizitazama sana.

"Sijui," akasema. "Labda kuna mtoto wa mteja amezisahau."