Mwulizeni Mwenyewe

Kila akitoka shuleni, binti mmoja wa darasa la sita alipitia kibandani kwa shangazi yake, fundi cherehani, ili amsaidie kushonea vifungo. Jumanne ile alikuta umati. Shangazi alikuwa akitupa vitambaa barabarani na kuwafokea watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Majirani walimfunga mikono kwa kamba. Baba wa binti, kaka yake shangazi, akaja mbio, wakampeleka hospitali. Binti aling'ang'ania kwenda nao.

Kwenye chumba cha dharura, muuguzi kijana alimtupia shangazi jicho moja tu, akaandika: "Mkorofi. Asubiri nje."

"Hujampima hata joto!" binti akasema, damu ikimchemka. "Hujamuuliza hata jina!"

"Nimuulize kichaa?" muuguzi akajibu. Mlinzi wa mlangoni akaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Huyu ndiye anayeshona sare za nusu ya shule yetu!"

Kelele zilimtoa ofisini muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani. Alisoma ile karatasi, akakunja uso.

"Hili ni tusi. Vipimo viko wapi?"

Akaifungua kamba mwenyewe, akaketi karibu na shangazi.

"Pole, dada. Unasikia sauti za watu?"

Shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Zinakuambia ujidhuru?"

"Hapana. Zinanitukana tu."

Muuguzi mkuu akampima joto, mapigo ya moyo na sukari, kisha akamgeukia baba. "Kuna dawa anazotumia?"

"Hakuna," baba akajibu, macho chini. "Ni uchovu tu."

Binti akamtazama. Amkanushe baba yake mbele za watu? Lakini shangazi alikuwa akitetemeka.

"Baba, sema kweli! Alikuwa na vidonge. Ulimwambia aviache, eti vinatuaibisha. Hajalala siku nne!"

Baba akajipangusa uso. "Ni kweli. Niliona aibu."

Daktari akaitwa, matibabu yakaanza. Siku ya tatu shangazi alikuwa ametulia, akiuliza nani anamalizia sare za watu. Muuguzi kijana akaja kumwomba radhi, akinong'ona.

"Sema kwa sauti," muuguzi mkuu akamwambia. "Ulipomtukana hukunong'ona."

Akasema kwa sauti.

Muuguzi mkuu akamgeukia baba. "Akili huugua kama tumbo linavyougua. Mgonjwa hatukanwi, na ugonjwa haufichwi. Binti yako asingesema kweli, tungetibu kwa kubahatisha. Nenda naye nyumbani, na usithubutu kumgombeza."