Shemeji Ana Njaa

Yaliyompata shangazi yangu, dada wa baba, sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, mikono imejaa nywele za binti yake.

Shangazi alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na chumba cha nyuma ndicho alicholala. Katikati lilining'inia pazia tu. Mteja akilalamika kwamba anavutwa, alimwambia, "Ukitaka uzuri sharti udhurike, mama," kisha anavuta zaidi, na wote wanacheka.

Siku moja pasi ya nywele ilimponyoka, ikamlamba shavu la kushoto. Kidonda kilipona, kovu likabaki, jeusi, limekunjamana. Msusi mwenye uso ulioungua! Wateja walitazama kioo lakini yeye hawakumtazama, na mimi nilimwonea uchungu. Isitoshe binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Shangazi aliapa kwamba picha za harusi hatazipiga amejifunika mtandio.

Mtu akamwambia ute wa konokono unafuta makovu. Akaokota konokono bustanini, akawaweka kwenye beseni, na kila alasiri baada ya chakula akawa analala chali na kumtembeza mmoja shavuni. Kovu likaanza kufifia kweli. Lakini konokono nao wakazaana, wakapanda kuta, hadi mmoja akadondoka kwenye kitana mbele ya mteja. Ndipo bibi mmoja muuza mitishamba akamletea dawa yao: konokono mwembamba, rangi ya ini, anayekula konokono wenzake.

"Huyu majani hayataki," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Anafuata ute mpaka amfikie mwenyewe. Mpe mmoja kila siku. Ukimnyima, atajitafutia."

Shangazi alimweka chumbani kwake, kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki, udongo chini, kitambaa kibichi pembeni ili asikauke, akafunika kwa ubao na juu ya ubao jiwe. Akamwita Shemeji, kwa sababu, alisema, huyu naye anakuja kula tu na hasemi asante.

Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa namwekea konokono mmoja, nanyunyiza maji, halafu siondoki, nilishindwa kuondoka. Shemeji aligusa ule mstari unaong'aa kwa midomo yake, akaufuata bila haraka, akaingiza kichwa ndani ya gamba la mwenzake. Kilisikika kisauti cha kukwaruza, kama mtu anakomba ukoko kwenye sufuria nyumba ya jirani. Akimaliza, gamba lilibaki zima, halina hata ufa. Ndani lilikuwa safi.

Konokono wakapungua, akabaki mmoja. Jua lilikuwa limekausha bustani yote, tukatafuta chini ya kila jani tusipate kitu. Harusi ilikuwa kesho kutwa, na kovu la shangazi lilikuwa limebaki wembamba wa uzi.

"Shangazi, huyu mpe Shemeji," nilimwambia.

"Nimpe yeye, halafu uso wangu je?"

"Tangu juzi hajala."

"Atavumilia. Hata shemeji wa kweli kuna siku anakuta sufuria tupu."

Akamchukua yule wa mwisho, akaingia nyuma ya pazia. Binamu yangu alikuwa ameketi mbele ya kioo, namsuka nywele za harusi. Baada ya muda shangazi akatoka, shavu linang'aa kwa ute, akainama upande wa kulia wa binti yake na kulibana shavu lake kwenye lile la mtoto. Nyuso zao mbili zikajaa kiooni.

"Ona mama yako alivyolainika," alisema. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Kisha akarudi kujilaza, ute ukauke vizuri.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa niliposikia kukwaruza. Nikajua amemhurumia Shemeji, kampa yule wa mwisho. Moyo wangu ukatulia.

Lakini sauti haikukoma. Konokono mmoja haliwi muda wote huo. Ikawa nzito zaidi.

"Shangazi?"

"Mmh," aliitika.

Binamu akaninong'oneza, "Mama anakomba nini?"

Nikaita tena. Akaitika tena, ila kwa mbali, kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini.

Kisha kimya.

Nikafungua pazia.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Kitandani lilikuwepo gauni lake, limelala chali, vifungo vimefungwa vyote mpaka shingoni. Kilemba kilikuwa juu ya mto wa kulalia, kimefungwa vilevile, kimetuna. Hereni zilikaa moja huku, moja kule. Hapakuwa na damu. Niliingiza kidole ndani ya gauni. Lilikuwa na unyevunyevu, na safi.

Yule konokono wa mwisho alikuwa ukingoni mwa kitanda, mzima, anatembea. Tangi lilikuwa limefunikwa, jiwe liko juu ya ubao. Shemeji alikuwa ndani, udogo wake uleule, amejikunja kwenye gamba, amelala.

Nilimmwagia chumvi mpaka akayeyuka, gamba nikaliponda kwa lile jiwe. Shangazi alitafutwa kila mahali asionekane. Siku ya harusi tulikaa msibani, msiba usio na maiti.

Binamu aliolewa baadaye, bila sherehe, na sasa anaishi ghorofani kwa mumewe. Hajipaki chochote usoni. Shavu lake la kulia analiosha mpaka linachubuka.

Jana asubuhi aliniita kwake. Alinishika mkono akanipeleka chumbani, mbele ya kabati lenye kioo. Mstari wa ute, mbichi bado, ulianzia sakafuni, ukapanda kiooni moja kwa moja, ukaishia pale shavu lake linapoonekana akisimama kujitazama.